Kupima afya mtandaoni: njia nne, na kinachobaki mikononi mwa wengine

Binamu yangu alikuwa na wiki kadhaa bila usingizi wa maana. Usiku mmoja, saa saba kasoro, akanitumia picha ya skrini ya simu yake. Juu palikuwa na mstari wa kijani uliojaa hadi mwisho, chini yake maneno "Matokeo yako yapo tayari", halafu visanduku vitatu vitupu: jina kamili, barua pepe, namba ya simu. Alikuwa ameshajibu maswali 20 na ushee kuhusu usingizi, hamu ya chakula, kulia, hata kama amewahi kutamani asiamke asubuhi. Chini ya picha akaandika: "Dada, nijaze au niache?"

Nikamwambia aache. Jibu hilo halikumsaidia sana, kwa sababu bado hakujua ana nini na mimi sikumwonyesha pa kwenda. Haya yafuatayo ndiyo niliyopaswa kumweleza usiku ule.

Tuanze na neno lenyewe, kuamini. Mtu akiuliza kama kipimo cha mtandaoni kinaaminika, huwa anauliza maswali mawili kwa pamoja. La kwanza, je, matokeo ni ya kweli? La pili, je, wenye kipimo watanitunzia siri? Haya hayaendi pamoja hata kidogo. Dodoso lililofanyiwa utafiti wa miaka mingi linaweza kuwekwa kwenye tovuti inayoyapeleka majibu yako kwa watangazaji, na kipimo kisicho na maana yoyote kikawa hakichukui hata jina lako. Kwa hiyo kila njia hapa chini nimeiuliza mambo manne: matokeo yake yana uzito gani, inachukua taarifa zipi, na je, kipimo chenyewe kinazihitaji, taarifa hizo husafiri kwenda kwa nani, na ukijuta, unaweza kurudi nyuma?

Njia ya kwanza: maswali ya bure kwenye tovuti

*Matokeo.* Humu mna ngano na makapi. Ngano ni madodoso ambayo wahudumu wa afya wenyewe huyatumia. PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001, ina maswali 9 kuhusu sonona. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na kuanzia alama 10 mhudumu huona kuna haja ya kuchunguza zaidi. GAD-7 ni ya wasiwasi, maswali 7. AUDIT ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ni ya unywaji wa pombe, maswali 10. Yote ni ya uchunguzi wa awali. Yanakuambia "kamwone mtu", hayakuambii "una ugonjwa huu".

Makapi ni maswali yaliyotungwa ili ukae muda mrefu kwenye ukurasa. Kati ya hayo mawili zipo zana za kutaja dalili ambazo hukupa orodha ya magonjwa. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliopima zana 23 za namna hiyo kwa visa 45 vya wagonjwa. Ugonjwa sahihi ulitajwa wa kwanza kwa asilimia 34 tu ya majaribio, na ushauri wa haraka kiasi gani mtu amwone daktari ulikuwa sahihi kwa asilimia 57. Zana zimebadilika tangu hapo, lakini hata leo hakuna inayoweza kukubonyeza tumbo na kuona pale unapokunja uso.

*Taarifa.* Hapa ndipo ningependa utulie nami kidogo. Ili kupata alama za PHQ-9 unahitaji kujumlisha namba 9. Basi. Unaweza kufanya hivyo nyuma ya risiti. Jina lako halibadilishi jumla, wala namba yako ya simu. Tovuti inayokuficha matokeo mpaka uandike barua pepe imekuomba kitu ambacho kipimo hakikihitaji, na unayo haki ya kujiuliza nani anakihitaji. Tazama pia visanduku hivyo vinapowekwa: baada ya swali la mwisho, wakati umeshatoa dakika 10 zako na roho inataka kujua. Hapo kukataa ni kugumu kuliko pale mwanzo.

Kutoandika jina hakukufichi kabisa. Anwani ya ukurasa yenyewe inaweza kuwa na neno "sonona" au "kaswende", na ukurasa ukiwa na pikseli ya kampuni ya matangazo, yaani kipande kidogo cha msimbo kisichoonekana, kampuni hiyo hujulishwa kwamba kifaa chako kimefungua ukurasa huo. Mimi mwenyewe niliwahi kujaza dodoso la maumivu ya viungo bila kuandika chochote kinachonitambulisha, na kwa wiki mbili kila nilichofungua kilinionyesha dawa za magoti. Ile alama ya kufuli karibu na anwani, ambayo wengi huiona kama kiapo cha uaminifu, inathibitisha tu kwamba hakuna wa kudukua njiani kati ya simu yako na tovuti. Mwenye tovuti anasoma kila kitu.

*Safari.* Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ilitangaza kuwa BetterHelp, huduma ya ushauri nasaha mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8. Watu walikuwa wamejaza dodoso la kujiunga wakiahidiwa faragha, kisha barua pepe zao na baadhi ya majibu yao yakapelekwa kwa kampuni kama Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo. Zaidi nyuma kuna dodoso la tabia lililozaa kashfa ya Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa, iliyofichuka mwaka 2018. Walijaza watu wapatao 270,000. Taarifa zilizochukuliwa ziliwagusa hadi watu milioni 87, kwa sababu dodoso lilichota pia za marafiki wa waliojaza kwenye Facebook.

*Kurudi nyuma.* Usipoandika jina, hakuna cha kufuta kilicho wazi, lakini pia huna namna ya kudai kifutwe. Ukiliandika, unaweza kuomba wafute kwao. Kilichokwisha kupelekwa kwa mwingine ni maji yaliyomwagika.

Njia hii inamfaa mtu anayetaka kipimo cha kwanza cha hali yake, anayejua jina la dodoso analolitafuta, na anayeweza kusimama pale linapoanza kuuliza yasiyohusu. Binamu yangu hatimaye aliipata PHQ-9, akanakili maswali yote 9 kwenye karatasi ya daftari, akapata 14. Karatasi hiyo ndiyo aliyomkabidhi mhudumu siku ya tatu yake, akaokoka ugumu wa kuanza kueleza kwa mdomo.

Njia ya pili: programu za simu

*Matokeo.* Nguvu ya programu iko kwenye kumbukumbu. Shinikizo la damu lililoandikwa kila asubuhi kwa miezi 3 linamsaidia daktari kuliko kipimo kimoja cha siku ya miadi, ambayo pengine mgonjwa amefika akitweta. Utabiri ni jambo jingine. Programu ya hedhi inapokuambia siku ya kupevuka kwa yai, mara nyingi inakadiria kutokana na tarehe ulizoiingizia; mzunguko ukiyumba, na kadirio linayumba.

*Taarifa.* Nyingi, na za kila siku. Dodoso linakuuliza mara moja. Programu inakaa nawe. Fungua mipangilio ya simu, tazama ruhusa ulizoipa. Programu ya kuhesabu hatua ina sababu ya kusoma mwendo wako. Ya hedhi haina sababu ya kujua mahali ulipo wala kusoma majina uliyohifadhi kwenye simu.

*Safari.* Flo, programu ya hedhi yenye mamilioni ya watumiaji, ilifikia makubaliano na FTC mwaka 2021 baada ya kudaiwa kuwaahidi wanawake faragha huku ikizipa kampuni nyingine, zikiwemo Facebook na Google, taarifa za matukio kama ujauzito. Wengi hushangaa kwamba sheria maarufu ya Marekani ya siri za wagonjwa, HIPAA ya mwaka 1996, inawabana madaktari, hospitali na bima, lakini programu nyingi za kujipakulia ziko nje yake. Ulaya ni tofauti: kanuni ya GDPR, inayotumika tangu Mei 2018, inazihesabu taarifa za afya kuwa za kundi maalumu hata kama anayezishika si daktari. Ndiyo maana inafaa kujua programu yako imesajiliwa wapi na inafuata sheria ya nani.

*Kurudi nyuma.* Kuiondoa programu kwenye simu hakufuti akaunti. Aikoni inatoweka, kumbukumbu zinabaki kwenye kompyuta zao. Futa akaunti kwanza, ndipo uondoe programu.

Inamfaa mwenye hali ya kufuatiliwa kwa muda mrefu, hasa akipata programu inayohifadhi kila kitu ndani ya simu bila kulazimisha akaunti. Zipo. Na daftari lenye mistari bado linafanya kazi hiyo hiyo.

Njia ya tatu: kutuma mate au damu kwa kampuni

*Matokeo.* Unaagiza boksi mtandaoni, unatema mate kwenye kichupa au kujichoma kidole, unarudisha kwa posta, majibu yanakuja kwenye akaunti yako. Sampuli ikifika kwenye maabara iliyoidhinishwa, kipimo chenyewe kinaweza kuwa kizuri kabisa. Kinachokosekana ni wa kukuambia kinahusu nini na hakihusu nini. Mfano mmoja unatosha. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu 23andMe, kampuni inayopima DNA kwa mate, kuwapa wateja taarifa za jeni za BRCA, ambazo zikiwa na kasoro huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari. Kipimo kilitafuta kasoro 3. Zinazojulikana ni zaidi ya 1,000, na hizo 3 huonekana zaidi kwa Wayahudi wenye asili ya Ashkenazi, yaani wa Ulaya ya kati na mashariki. Mwanamke wa asili nyingine akisoma "hakuna kilichopatikana" anaweza kulala usingizi mzito ilhali kipimo hakikutazama sehemu kubwa ya kilichopaswa kutazamwa.

*Taarifa.* Kila kitu. DNA haibadiliki kama nenosiri, na si yako peke yako: nusu umempa mwanao, na ndugu yako wa baba na mama mmoja ana sehemu kubwa inayofanana na yako. Ukitema mate kwenye kichupa umewatolea habari watu ambao hawakuulizwa. Mwaka 2018 polisi wa California walimfikia mtuhumiwa wa mauaji ya miaka mingi nyuma kwa kufuata DNA ya jamaa wa mbali waliokuwa wameiweka wenyewe kwenye tovuti ya kutafuta ukoo. Mtuhumiwa hakuwa amepeleka kitu. Wengi walifurahi muuaji kukamatwa, nami pia, lakini njia ile ile inampata mtu yeyote.

*Safari.* Kisa cha 23andMe kinatuonyesha hatari mbili kwa mpigo. Mwaka 2023 wadukuzi walifungua akaunti zipatazo 14,000 kwa kutumia manenosiri yaliyovuja kwingine, ambayo wenye akaunti walikuwa wakiyatumia kila mahali. Kupitia huduma ya kuwaona jamaa, akaunti hizo zikawa mlango wa kufikia taarifa za watu wapatao milioni 6.9. Kisha Machi 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika. Kampuni ikifilisika, mali huuzwa, na mali yake kubwa ilikuwa taarifa za wateja wapatao milioni 15. Mnunuzi akawa shirika lisilo la faida linaloongozwa na Anne Wojcicki, mwanzilishi mwenza wa kampuni hiyo, kwa dola milioni 305. Angeweza kuwa mwingine. Kampuni ya dawa ya Regeneron nayo ilikuwa imepanda dau. Mteja aliyesoma ahadi za faragha miaka 10 iliyopita alikuwa akiahidiwa na watu ambao huenda kesho hawapo.

*Kurudi nyuma.* Unaweza kuomba akaunti ifutwe na sampuli iharibiwe. Kama ulikubali itumike kwenye utafiti, kazi iliyokwisha kufanyika haitanguliwi.

Inamfaa mtu mwenye swali mahususi ambalo kipimo hicho kinalijibu kweli, ambaye ameshazungumza na jamaa zake, na ambaye yuko tayari kuishi na uamuzi huo hata kampuni ikibadilisha mmiliki. Kwa vipimo vya kawaida vya damu, kama sukari au lehemu, uzito wa hoja hii ni mdogo zaidi, kwa sababu matokeo ya leo hayatakuwa yale yale mwakani.

Njia ya nne: kituo cha afya

*Matokeo.* Yanategemewa kuliko yote. Kuna wa kurudia kipimo kikitia shaka, na kuna wa kuulizwa, "Hii namba maana yake nini?"

*Taarifa na safari.* Usidhani kwamba hapa unatoa kidogo. Unatoa jina, umri, simu, pengine namba ya kitambulisho, na faili linaandikwa. Tofauti ni kwamba anayeandika anabanwa na maadili ya kazi yake, na katika nchi nyingi na sheria pia. Lakini hata kituo kinaweza kuvuja. Finland, mwaka 2020, ilibainika kuwa kituo cha tiba ya akili cha Vastaamo kilikuwa kimedukuliwa. Zaidi ya wagonjwa 30,000 waliathirika, na wengi wao walitumiwa vitisho kwamba wasipolipa, waliyomwambia mshauri wao yatachapishwa.

Kisha kuna uvujaji usiohitaji kompyuta. Dirisha la mapokezi, foleni nyuma yako, na sauti inayouliza, "Umekuja kupima nini?" Kwa mtu ambaye muuguzi wa zamu ni jirani au shemeji, kampuni ya mbali isiyomjua huonekana salama zaidi. Wanaowacheka watu hao kwa kukimbilia simu hawajasimama mbele ya dirisha hilo. Dawa yake ni kusema, "Ningependa kuongea faragha," kabla ya kutaja chochote, au kwenda kituo ambacho hakuna anayekujua.

*Kurudi nyuma.* Rekodi za tiba kwa kawaida huhifadhiwa kwa miaka na hazifutwi kwa kuomba. Unachoweza kudai ni nakala, na makosa yasahihishwe.

Inamfaa yeyote ambaye matokeo yake yataamua dawa, upasuaji, au kulala kwa amani.

Pembeni ya njia hizi kuna vifaa vya kujipima nyumbani visivyohitaji mtandao: kipima ujauzito, mashine ya shinikizo la damu, na kipimo binafsi cha VVU, ambacho WHO imekipendekeza tangu 2016. Majibu yanatoka mbele ya macho yako peke yako, na hakuna wa kuyatuma popote. Cha VVU kikionyesha maambukizi, lazima kithibitishwe kituoni, na maambukizi ya karibuni yanaweza yasionekane kwa hadi miezi 3.

Sasa wewe uko wapi?

Kama una maumivu ya kifua, unapumua kwa shida, umepooza upande mmoja ghafla, au una mawazo ya kujidhuru, funga kila tovuti. Nenda kwenye huduma ya dharura sasa hivi, au mpigie mtu akufikishe.

Kama moyo umekulemea na hutaki mtu ajue bado, andika PHQ-9 kwenye karatasi. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujiumiza. Jibu lako hapo likizidi 0, ongea na mtu leo, hata kama jumla ni ndogo.

Kama unachoogopa ni kuonekana na watu wa karibu, kifaa cha nyumbani au kituo cha mbali kitakufaa kuliko tovuti. Dirisha la faragha la kivinjari litakusaidia ikiwa simu yako hushikwa na wengine, maana halihifadhi historia. Mwenye tovuti halimzuii kukuona.

Kama saratani inajirudia kwenye ukoo wenu, anza na daktari au mshauri wa mambo ya urithi. Ukiamua kutuma mate baada ya hapo, tumia nenosiri ambalo hujalitumia popote, washa uthibitisho wa hatua mbili, na usome sehemu ya utafiti kabla ya kuikubali.

Kama unataka tu kujaribu kipimo cha tovuti, jaribu tovuti kwanza. Tafuta mwenye tovuti ni nani. Fungua sera ya faragha na utafute maneno "washirika" na "matangazo". Angalia kama matokeo yanaonekana kabla ya kuulizwa jina. Tarehe ya kuzaliwa, jina na simu kwa pamoja usiviandike mahali ambapo kimoja tu kingetosha, au ambapo hakuna hata kimoja kinachohitajika.

Na kama umeshajaza, tafuta anwani ya mawasiliano kwenye sera yao ya faragha na uwaandikie leo, kwa barua pepe ile ile uliyojazia. Ujumbe wenyewe hauhitaji maneno mengi: "Tarehe fulani nilijaza dodoso lenu la afya. Naomba mnipe nakala ya taarifa zangu zote mlizonazo, mniambie mmezipeleka kwa nani, kisha mzifute na mnithibitishie kwa maandishi. Siruhusu zitumike kwa matangazo." Hifadhi nakala pamoja na tarehe uliyotuma. Wakikaa kimya kwa mwezi mmoja na nchi yako ina ofisi ya ulinzi wa taarifa binafsi, nakala hiyo ndiyo utakayoambatisha kwenye malalamiko yako.